Kiboko Mtoa Sumu katika Baa ya Bi Sange

Paukwa!
Pakawa!
Kiu!
Ikawaka!
Chupa!
Ikazibuka!
Aliyeizibua?
Hakumbuki!

Haya, kaeni vizuri. Mimi nasimulia polepole, na mwenye haraka aende kwa jirani. Pombe kali sijaitia mdomoni tangu nizaliwe, namshukuru Mungu. Hadithi hii niliachiwa na marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema. Yeye aliisikia mahali ambapo siku zote aliniambia ni mazoezi ya kwaya.

Hapo kale paliondokea Sange. Mnamjua Sange? Ni mdogo kama panya, miguu kama njiti, lakini pua yake ni ndefu, na inachezacheza hata akiwa amelala. Mume wake alikuwa na baa chini ya jiwe, kando ya mto. Siku moja mume huyo alikanyagwa na Kifaru. Dii! Mara moja tu. Kifaru macho yake ni mabovu. Alipita, akaenda zake, wala hakujua kwamba ameacha mjane nyuma yake.

Bi Sange akalia. Alipomaliza kulia, akafagia baa.

Baraza la wanyama likamletea neno: "Fungua baa siku ya arobaini ya marehemu, na wageni wanywe. Usipofungua, kiwanja apewe Kiboko."

Kiboko alikitaka kiwanja hicho siku nyingi. Alitaka kukigeuza tope, alale.

Wakati huo wanyama walikuwa wameichoka pombe ya mahindi. Nyani alikuwa amekwenda mjini akarudi na neno moja mdomoni: wiski. Basi kila mtu akataka wiski, hata ambao hawakujua kama inanywewa au inapakwa. Siku ya thelathini na sita, Kunguru mchuuzi akatua na chupa sita.

"Mama, ni hizi tu," akasema. "Nyingine mpaka masika yapite."

Sasa, baa ile ilikuwa na shubaka moja, tundu lililochongwa katika jiwe, na ndani yake zinaingia chupa tatu. Ya nne haiingii hata ukiisukuma.

"Nitachaguaje?" akauliza Bi Sange. "Mimi mwenyewe sinywi."

"Angalia karatasi, mama. Hii ina picha ya mzee mwenye ndevu. Ndevu maana yake imekaa miaka mingi."

Bi Sange akavuta kizibo. Po! Akatia pua. Fsi, fsi, fsi.

"Mzee wako ananuka mafuta ya taa," akasema.

Akavuta cha pili. Po! Fsi, fsi, fsi. Hiyo ilinuka moshi, kama nyama iliyokaushwa juu ya meko. Ya tatu ilinuka asali. Ya nne ilinuka mbao mpya, kama kanisa ambalo halijapakwa rangi. Ya tano ilinuka ngozi ya mbuzi iliyolala majini. Ya sita haikunuka chochote, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

Moshi, asali na mbao akaziweka nyuma, gizani. Mafuta ya taa, ngozi ya mbuzi na ile isiyonuka akaziweka mbele, mlangoni. Kisha akasali, akalala.

Asubuhi akasikia kishindo. Tipwa, tipwa, tipwa.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu, shemeji."

"Nimekuja kukutolea sumu," akasema Kiboko.

Kwao kuna mila. Mgeni hapewi pombe mpaka mtu aionje kwanza, ionekane ni salama. Huko ndiko kutoa sumu, na hutolewa kwa funda moja. Lakini funda la Kiboko ni ndoo.

"Wewe na kijimwili chako hiki ukionja utakufa, tukuzike tena na wewe," akasema Kiboko. "Mimi niko kwa ajili ya familia."

Akaishika chupa iliyokuwa mbele. Gugugu! Gugugu! Gugugu! Ikaisha.

"Ikoje, shemeji?"

"Bado sijaielewa," akasema Kiboko, machozi yakimtoka. "Nitarudi kesho."

Siku ya thelathini na nane. Tipwa, tipwa, tipwa.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu, shemeji."

Akaishika iliyokuwa mbele. Gugugu! Gugugu! Gugugu!

"Ikoje?"

"Hii ... hii ina mbuzi. Lakini bado sijaielewa."

Siku ya thelathini na tisa akaja tena, akainywa ile isiyonuka. Gugugu! Gugugu! Gugugu! Nywele mbili alizokuwa nazo usoni zikadondoka. Kisha akaangalia ndani gizani, akahesabu: zimebaki tatu.

"Kesho nakuja mapema," akasema. Akaenda anacheka, maana baa isiyo na chupa haifunguliwi, na kiwanja kisichofunguliwa ni tope.

Bi Sange akazichukua zile tatu, akazipanga shubakani. Zikatosha sawasawa.

Siku ya arobaini wageni wakavuka mto kwa mawe, mmojammoja. Alikuja Digidigi, alikuja Nyani, alikuja Ngiri na wake zake, alikuja Kifaru akigonga kila mti. Wa mbele alikuwa Nyumbu, mwenyekiti wa baraza. Kiboko, aliyecheleweshwa na usingizi wa ile isiyonuka, ndiyo kwanza amefika, amesimama karibu na shubaka, mdomo wazi.

Nyumbu akaketi. "Pombe naiona. Nani ametoa sumu?"

Bi Sange akanyoosha mkono kuelekea shubakani, polepole sana. Kiboko akaona atatanguliwa.

"Mimi!" akapiga kelele. "Pombe yote ya baa hii sumu yake nimetoa mimi! Muulizeni huyu!"

"Ni kweli, wazee wangu," akasema Bi Sange, ameinamisha kichwa. "Siku tatu shemeji anajitolea. Mjane kama mimi, nani mwingine angenihurumia?"

"Vema," akasema Nyumbu. "Mila inasema mtoa sumu ndiye mwenyeji. Mwenyeji akishaonja, hanywi tena. Mwenyeji ndiye amiminaye. Na mwenyeji humfikisha mgeni kwake, mpaka wa mwisho."

Mdomo wa Kiboko ukajifunga. Alijua mwanzo wa kila mila, maana mwanzoni ndipo pa kunywa. Mwisho wake hakuwahi kuusubiri.

"Au shemeji," akauliza Bi Sange kwa upole, "sumu haijatoka?"

Wanyama wote wakamwangalia.

"Imetoka," akasema Kiboko, kwa sauti ya chura.

Basi akamimina. Moshi ukapita chini ya pua yake, asali ikapita, mbao zikapita. Naye kiu inamwaka. Wageni wakanywa, wakaimba, wakamwombea marehemu kwa sauti zisizolingana. Baadaye mawe ya mto yakawashinda.

"Mwenyeji!" akaita Digidigi.

"Naam."

"Nirudishe."

Chubwi! Kiboko akambeba mgongoni, akavuka, akarudi.

"Mwenyeji!" akaita Nyani.

"Naam."

"Nirudishe. Na usitikisike, kichwa kinauma."

Chubwi! Akavuka, akarudi. Ngiri na wake zake, Nyumbu naye, chubwi, chubwi, chubwi.

Akabaki Kifaru. Alikuwa amekumbatia nguzo akidhani ni Bi Sange, analia.

"Marehemu alikuwa jirani mwema," akaiambia nguzo. "Aliugua nini?"

Bi Sange akaitazama miguu ile kwa muda.

"Alizidiwa ghafla, baba."

"Pole sana. Laiti ningekuwapo."

"Ulikuwapo, baba," akasema Bi Sange. "Wewe ndiye uliyefika wa kwanza." Akageuka. "Mwenyeji!"

"Naam," akasema Kiboko, akamwona Kifaru, akafumba macho.

"Mrudishe."

Chubwi! Kiboko akazama mpaka tumboni, akazama mpaka shingoni, zikabaki pua na macho juu ya maji. Katikati ya mto Kifaru akalala usingizi mzito. Na mila haisemi lolote kuhusu kumwamsha mgeni.

Mpaka leo mkimwona Kiboko mchana amezama, pua na macho tu juu, hasogei, mwacheni. Kifaru alishaamka zamani akaenda zake. Kiboko ndiye hana hakika.

Nyumbu akaandika kwamba baa imefunguliwa na kiwanja ni cha Bi Sange. Bi Sange akafagia, akanusa kigoda cha mume wake. Fsi, fsi. Harufu yake ilikuwa bado ipo.

Sasa funzo, wanangu. Funzo ni kwamba pombe ni mbaya, na Mungu haipendi. Ndiyo maana kila Jumapili Bi Sange hufunga baa yake, mpaka misa ya pili iishe. Tena mheshimuni mkubwa anayejitolea kuonja kabla yenu, msimkatalie. Mwekeeni tu ya mbele.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, ni ya aliyeionja kwanza.