Seva Mpya ya Kituo cha Wazazi

Kituo kimoja cha wazazi mjini Baraka kilikuwa na seva kuukuu iliyokohoa kama mzee mwenye pumu. Kompyuta za mapokezi, maabara na famasi zilikuwa ukoo mmoja chini yake. Ndiyo iliyojua nani aruhusiwe kuingia na kadi za wajawazito ziko wapi. Arlette, mtunza mitambo, aliiogopea mno. Ikifa, kadi zingekwenda nayo, na mama aliyewahi kuponea chupuchupu katika uzazi angepokelewa kama mtu asiyejulikana.

Fundi Munira alipowasili kutoka Uvira na seva yenye toleo jipya la mfumo, Arlette hakufurahi hata kidogo.

"Mudogo wangu, hii kitu yako hatuijue," alisema. "Ikiharibu ile ya zamani, mi nitaambia bamama nini?"

"Yaya, haiko ya kuharibu. Iko ya kusaidia," Munira alijibu, akimwita kama dada mkubwa.

Umeme wa kituo hicho ni wa jua, na mazoea ni kwamba ukiwasha kimoja, unazima kingine. Mazoea yana taabu: Arlette, bila kufikiri, akazima seva kuukuu ili mpya ipate umeme. Mpya ikautafuta ukoo, isiuone, ikakataa katakata kujiunga. Arlette aliingiwa na hofu na, tuseme ukweli, furaha kidogo.

Munira akacheka. "Mugeni ataingia namna gani, yaya, kama mwenye nyumba tumemulalisha?"

Wakazima feni na friji ya soda, wakawasha seva zote mbili. Mpya ikagoma tena, kwa kuwa ya zamani haikulijua toleo lile. Basi Munira akaiandaa kwanza ya zamani impokee mgeni, kisha akajaribu upya. Ikakubalika, na kadi zote zikanakiliwa.

Kesho yake asubuhi, seva kuukuu ikatoa mlio mmoja, ikazimika moja kwa moja. Arlette alishika kichwa. Mara Marthe, mkunga, akaita kutoka chumba cha kuzalia.

"Arlette, kadi ya huyu mama iko. Baliandika alitokaka damu mingi mara ya kwanza. Tunatayarisha damu sasa."

Arlette akakaa chini, akalia machozi ya ahueni ambayo hakuyaonea haya. Jioni mama na mtoto walikuwa salama, naye mwenyewe akampelekea Munira bugali na samaki wa ziwani, mikebuka ya kukaanga.

Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.