Mbenga na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, maana uzi wa nailoni ulikwisha kufika dukani, palikuwa na mjane aitwaye Mwayuma. Aliishi Lowesa, kijiji kilichomezwa na msitu, kando ya mto wa maji meusi. Mumewe alikufa akamwachia mimba. Hakumwachia kingine: nyumba ilivuja, shamba lilikuwa la ukoo. Mimba ile ndiyo ilikuwa mali yake yote, naye aliilinda kwa macho mawili.

Akaja mgeni kutoka ng'ambo na fimbo ndefu ya kuvulia. Watu wakamwita Bwana Ufito. Alimtaka mbenga, samaki mwenye urefu wa mtu mzima na meno yasiyoenea kinywani. Miaka kumi na miwili alikuwa akimtafuta.

"Ukimpata utamla na nani?" akauliza Sumaili, mvuvi, mdogo wa marehemu.

"Simli. Napiga naye picha, kisha namrudisha majini."

Lowesa nzima ikacheka hadi ikashika mbavu. Umvue mbenga halafu umwachie! Lakini mgeni ni mgeni, wakampa mtumbwi.

Sumaili alikaa mbele, asome maji. Zaina akashika kafi. Huyu Zaina alikuwa mke mwenza wa Mwayuma, hakujaliwa mtoto, na tangu arobaini ya mume wao hakuwa amemwambia Mwayuma hata "umeamkaje". Akatakiwa mtu wa nne, wa kushika uzi samaki akikaribia.

"Twende, shemeji," Sumaili akamwambia Mwayuma. "Mikono yako inaujua mshipi kuliko yetu."

"Na tumbo hili, shemeji?"

"Utakaa tu. Kazi ni yetu."

Mwayuma akaenda.

Jua lilikuwa limesimama utosini mbenga alipomeza chambo, juu kidogo ya maporomoko. Uzi ukalia. Mtumbwi ukavutwa huku, ukavutwa kule. Hatimaye samaki akachoka, akaletwa ubavuni, na Bwana Ufito akapiga kelele, "Shika waya! Shika!" Maana kipande cha mwisho cha uzi wake kilikuwa waya, meno ya mbenga yasiukate.

Sasa sikilizeni. Lowesa watu huvua kwa mkono mtupu, na tangu utotoni hufundishwa kuzungusha mshipi kwenye kifundo cha mkono usiponyoke. Mgeni hakulijua hilo. Wala hakuna aliyemwambia Mwayuma kwamba kwa samaki wa namna ile huzungushi. Akazungusha, mara moja, mara mbili. Mbenga akapiga mkia. Mwayuma akaenda majini kichwa mbele.

Chini kulikuwa giza. Hakuuona hata mkono wake uliokuwa ukivutwa. Aliogopa, jamani. Aliogopa maji, aliogopa maporomoko yaliyokuwa yakinguruma karibu, aliogopa kwamba samaki atageuka na kuja na yale meno. Mkono uliobaki akaukaza tumboni. Mtoto akapiga teke, na teke lile likamtia hofu kuliko yote, kwa kuwa lilimwonyesha kwamba huko ndani nako kuna mtu anayeogopa.

Akaibuka mara moja. Akamwona Zaina mtumbwini. Kafi lilikuwa juu, halimo majini, na Zaina alikuwa akimtazama. Muda wa pumzi moja tu. Kisha Mwayuma akazama tena.

Huko juu ufito ulivunjika, na Bwana Ufito akaudaka uzi kwa viganja vitupu. Ukamkata nyama. Hakuachia.

Sumaili akajitosa na kisu. Kisu hakikukata waya. Akapapasa mpaka kwenye kinywa cha mbenga, akaingiza mkono, akaing'oa ndoana. Vidole vitatu vikabaki humo.

Zaina akapiga kafi, peke yake, dhidi ya mkondo, mpaka wote wakatupwa kwenye mchanga. Mbenga akaenda zake.

Siku ya tatu Mwayuma akajifungua salama. Hapo ndipo hofu ya pili ilipoanza. Lowesa walikuwa na desturi yao: mtoto aliyeokolewa majini akiwa tumboni hupewa jina la aliyemwokoa, awe wa kike, awe wa kiume. Na somo wake, huyo mwenye jina, humchukua akiisha kuachishwa ziwa, akamlee kwake. Mama akikataa kutaja jina, mtoto huhesabiwa kuwa bado yumo majini, na hakuna atakayempa hata moto wa kumkaushia nguo.

Wakaitwa wote watatu barazani.

Bwana Ufito akasema, "Mimi nilishikilia. Ningeachia, mngemtafuta chini ya maporomoko. Mpeni jina langu, nitampeleka kwetu akasome."

"Ulishikilia nini?" Sumaili akamkatiza. "Mwanamke au samaki wako? Mimi niliingia kinywani mwa mbenga. Sivui tena. Mtoto huyu atakuwa vidole vyangu."

"Na ni nani aliyembembeleza apande na mimba yake?" Bwana Ufito akauliza.

Zaina ndiye aliyesema mwisho. "Ninyi wawili mlikuwa mkivuta na kuogelea. Bila kafi langu, mngevuta na kuogelea mpaka kwenye mawe."

"Hata wewe ulikuwa mtumbwini," wakamwambia. "Ulijiokoa mwenyewe."

"Ningeweza kuruka ufukweni. Naogelea kuliko nyote."

Kisha akamgeukia Mwayuma, na kwa mara ya kwanza tangu arobaini akamsemesha. "Nyumba yangu ni hatua kumi kutoka kwako, mwenzangu. Utamsikia akilia."

Mwayuma alikuwa akiliona lile kafi lililoinuliwa. Mpiga kafi hubadili upande, na akibadili lazima aliinue. Hilo analijua kila mtu wa Lowesa. Lakini anapobadili upande hutazama maji. Zaina alimtazama yeye. Baraza halikulijua jambo hilo. Walilijua wao wawili tu, na macho ya Zaina sasa yalikuwa mekundu, yakimwomba kitu asichoweza kukitaja mbele za watu.

Kitovu cha mtoto kilikuwa kimekauka, na jina lazima litajwe kabla hakijadondoka. Wazee wakasema, "Mama, taja." Mwayuma akamkumbatia mwanawe, akaogopa kuliko alivyoogopa mtoni. Kule aliburutwa tu. Hapa ni lazima achague mwenyewe atakayemchukua mwanawe.

Msiniangalie mimi, sikuwamo mtumbwini. Mmoja alishikilia, mmoja alijitosa, mmoja alipiga kafi. Mtoto ni mmoja, jina ni moja. Je, nani alistahili?