Bangili ya Bi Hidaya

Hii nimetumiwa na shangazi yangu leo asubuhi, nikaona kuikalia peke yangu ni uchoyo. Isome taratibu mpaka chini, haitakula muda wako.

Palikuwa na sonara mmoja katika mji wa pwani, jina lake Fundi Shekuwe. Mikufu, vikuku, hereni, vipini vya pua, vyote alivifua kwa mkono wake mwenyewe. Sifa yake ilikuwa moja: kitu kikishatoka kwake, hata ukikitafutia kasoro kwa miwani huipati. Mwenyewe alilijua hilo, na alipenda sana kulisikia likisemwa.

Siku alizozipenda kuliko zote zilikuwa zile za mwanzo wa vuli. Manyunyu yanapita asubuhi, jua linatoka likiwa limepoa, fundi anakaa mbele ya makaa bila kukaangika, na kila mtaa una harusi. Vuli ile Shekuwe alikuwa ameketi na nyundo yake, anaimba kwa sauti yake mbaya, roho imetulia, ndipo Bi Hidaya alipopiga hodi.

Bi Hidaya alikuwa jirani yake wa miaka mingi, mjane, mama wa binti mmoja tu aliyeitwa Raya. Raya alikuwa anaolewa Ijumaa, kisha anahamia kwa mumewe, mbali huko bara. Mama mtu alifungua kitambaa, akatoa bangili ya fedha ambayo mtaa mzima ulizoea kuiona mkononi mwake.

"Fundi, pini yake imekatika," alisema. "Nataka iwe mkononi siku Raya atakapoondoka. Nitilie pini tu. Kwingine usiguse, wala usijisumbue."

"Ondoa shaka, dada."

Sasa ndugu zangu, sisi tunajuana. Mgeni akiulizwa kama atakunywa chai husema usijisumbue, na mwenyeji anayejua adabu huinuka akaweka birika jikoni. Nani amewahi kulichukua neno hilo kama lilivyo? Shekuwe naye hakulichukua.

Bi Hidaya alipoondoka, fundi aliigeuza ile bangili. Ilikuwa ya mvungu, tupu ndani, ya fedha safi, nyembamba. Upande mmoja ulijaa vibonyeo vidogo vidogo vilivyosongamana. Maskini, akawaza, anaiona aibu hii kila siku, na anaogopa kunitwika kazi kwa kuwa mimi ni jirani. Akamwonea huruma kwelikweli.

Basi akaziweka kando kazi za watu. Akaifungua bangili kwenye maungio, akavisukuma vile vibonyeo kutoka ndani kwa kijiti cha chuma, akapiga nyundo kidogo kidogo, akalehemu, akapiga msasa, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikawa kama imeletwa dukani siku ile. Pini ndiyo iliyokuja mwisho. Jioni alifunga karakana akiwa na furaha ya mtu aliyemtendea mwenzake wema bila kuombwa.

Siku ya pili Bi Hidaya alikuja pamoja na Raya, ambaye mikono yake ilikuwa tayari imepakwa hina. Shekuwe alimpa mama bangili yake, akajiegemeza kusubiri asifiwe.

Bi Hidaya aliigeuza. Akapitisha kidole gumba upande mmoja, akarudia, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Yako wapi meno?" aliuliza.

"Meno gani, dada?"

"Ya Raya. Alipoanza kuota meno, baba yake alikuwa ndiyo kwanza amefariki. Mtoto analia, na mimi nalia. Kitu kilichomnyamazisha kilikuwa bangili hii. Alikuwa anaiuma mpaka analala. Nikapanga moyoni kwamba akishaondoka, nitakuwa napitisha kidole hapa." Akamtazama fundi. "Nilikwambia usiguse."

"Nilidhani unaona haya," Shekuwe alisema.

Bi Hidaya hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Fundi alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yake, maana kazi ile ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyoharibu. Akaparamia sanduku la vifaa, akatoa patasi ndogo.

"Nitavirudisha. Nitavigonga kimoja kimoja, vilevile vilivyokuwa."

"Vitakuwa vya nyundo yako, fundi," alisema Bi Hidaya. "Havitakuwa vya mwanangu."

Raya alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Hadithi ya bangili hakuwa ameisikia hata siku moja.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mtu mzima mzima bado nayapapasa meno yako ya utotoni?"

Raya alisogea mpaka kwenye kigoda. Aliichukua bangili kutoka kwenye mapaja ya mama yake, akaigeuza upande ule uliokuwa laini sasa, akaitia mdomoni, akaiuma kwa nguvu zake zote. Shekuwe aliisikia fedha ikibonyea.

"We Raya, utavunja meno, na harusi ni kesho," mama alisema.

Binti aliipangusa bangili kwa ncha ya mtandio, akamvisha mama yake kwa mkono wake, kwa uangalifu ili asiharibu hina yake.

"Yale ya mwanzo niliuma kwa sababu fizi zilikuwa zinaniwasha tu, mama. Haya nimeuma nikijua kwamba nakuachia."

Bi Hidaya alipapasa. Kulikuwa na vibonyeo viwili vipana, vimekaa bega kwa bega. Akaanza kulia, halafu katikati ya kilio akacheka.

"Una meno makubwa, mwanangu. Mumeo ameyaona?"

Wakacheka wote watatu, hata fundi, ingawa yeye alikuwa anajifuta machozi kwa mkono uliojaa masizi. Kisha akainama kuikagua pini kama imefunga sawasawa. Pembeni ya kibonyeo kimoja aliona ukingo mdogo umekunjika, umesimama vibaya. Mkono wake ukaenda wenyewe kuchukua tupa ya kusawazishia. Ukafika nusu ya njia, ukasimama.

"Dada Hidaya," aliuliza, "hapa pamekunjika kidogo. Nipaguse au nipaache?"

"Paache, fundi."

Akapaacha.

Funzo: Kabla hujamwondolea mwenzako kile unachokiona kuwa kasoro, muulize kwanza. Huenda hicho ndicho anachokipenda.