Mlingoti wa Kivungwi

Hapo zamani, enzi za merikebu za mbao, mji wa Kivungwi ulijenga merikebu kubwa ya vita, hata ukaimaliza misitu yote ya pwani. Ikakamilika, mizinga ikapakiwa. Siku ya kuishusha majini, dhoruba ikauvunja mlingoti. Kacha! Na maadui waliokuja kuuteka mji, wameshaziba mlango wa bandari!

Mtawala wa mji, Mwana Zaituni, akapaza sauti: "Bila mlingoti hakuna tanga, na bila tanga tumekwisha! Nani atatupatia mti?"

Shekuwe, mkata magogo, akatwaa shoka, yeye na wenzake mbio mpaka milimani. Akauona mvule mrefu, umenyooka kama mshale. Lakini chini yake palikuwa na kaburi, na kando ya kaburi amesimama mama mmoja, Nyamvula.

"Mama, tupe mti huu."

"Mwanangu, hapa amelala mama yangu. Kivuli hiki ndiyo nyumba yake."

"Mji unakufa, mama!"

Nyamvula akaukumbatia mvule, akalia. Kisha akajifuta machozi. "Kateni. Wajukuu zake wako huko mjini. Yeye angewaacha watekwe?"

Ka! Ka! Ka! Shoka zikalia. Kumbe chini kulikuwa na genge refu la mawe. Mti ukiangukia huko, utapasuka vipande vipande. Shekuwe akaupanda mwenyewe, akaufunga kamba, akashuka, wote wakavuta kwa nguvu. Ukaanguka mzima, ila tawi likamponda Shekuwe mguu. Wakamkimbilia.

"Niacheni! Gogo mtoni kwanza!"

Likafikishwa mtoni. Lo! Kiangazi kimeukausha mto, gogo likakwama mchangani. Juu kidogo palikuwa na bwawa la Kadzo, mkulima, ambaye mpunga wake ndio kwanza ulikuwa unachanua.

"Dada, tufungulie maji!" wakaomba wenzake Shekuwe.

"Niyafungulie, wanangu wale nini? Nendeni zenu!"

Papo hapo mizinga ya maadui ikasikika kutoka pwani. Kadzo akauangalia mpunga wake. Kisha akachukua jembe, akalibomoa bwawa kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakaporomoka, yakalinyanyua gogo, likaenda! Watu wakalifuata ukingoni wakipiga vigelegele hadi bandarini.

Mafundi wakachonga, mlingoti ukasimama, tanga likajaa upepo. Merikebu ikatoka ikitema moto! Maadui kuona vile, wakageuza, wakakimbia wasitazame nyuma.

Ngoma zikarindima mji mzima. Mwana Zaituni akasema, "Merikebu hii itachukua jina la aliyetuletea mlingoti."

Shekuwe akajikongoja mbele kwa gongo. "Ni mimi, Mwana. Mguu wangu umebaki mlimani."

"Ningekukatalia, ungekata nini?" akauliza Nyamvula. "Mama yangu sasa anapigwa na jua."

Kadzo akacheka, cheko la uchungu. "Gogo lililokwama si mlingoti, ndugu zangu. Mwaka huu wanangu wanachimba mizizi porini."

Fundi alikwisha kuweka patasi kwenye ubao wa mbele, anangoja neno moja tu. Mwana Zaituni akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama na wa tatu.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, msaidieni: fundi achonge jina la nani?