Zumari ya Muuza Tambi

Haya sogeeni wanangu, shikaneni mikono, maana hii nikiisimulia naogopa mwenyewe.

Palikuwa na mzazi, Riziki, yumo ndani ya arobaini na kichanga chake, hatoki nje. Alasiri akasikia zumari ya muuza tambi, njaa ya kunyonyesha ikamshika, akamwita binti yake mkubwa.

"Mize, chukua bakuli, mbio!"

Muuza tambi alikuwa zimwi, lakini Riziki aliye ndani angemwonaje?

"Pesa sitaki," zimwi likamwambia Mize. "Nipulizie zumari mara moja tu."

Mize akapuliza, akarudi na tambi tamu, ila hawezi kucheka. Kesho yake akapuliza tena, akarudi hana sauti kabisa. Riziki akaona. Akaona, wallahi, lakini bakuli lilikuwa linafuka mvuke, akala kwanza.

"Utapona, mwanangu. Kesho kaniletee tena."

Siku ya tatu Mize hakurudi. Zumari ndiyo iliyolia mtaani: "Mama! Mama!"

Riziki akaivunja arobaini, akatoka mbio kichwa wazi. "Nipe mwanangu!"

"Mchukue, mama," zimwi likacheka, likamkabidhi zumari. "Ukipuliza atakuita. Ukiacha, atanyamaza."

Basi Riziki hawezi kuacha. Mpaka leo anazunguka mitaani akipuliza, asikie tu kuitwa mama. Na kila akipuliza, watoto wa wazazi wengine hutoka mbio na mabakuli, na zimwi liko nyuma yake, limebeba sufuria.

Ngano yangu imefika hapo. Mlango nani kaufunga?