Sultani Aliyetaka Watoto Watulie Wiki ya Kufunga Chuo

Palikuwa na sultani mmoja, Fumo Shee jina lake, hapendi kelele. Kelele za wenzake, lakini. Zake mwenyewe alizipenda sana. Baraza lake lilipakana ukuta na chuo cha Kurani cha Bi Mize, mjane maskini aliyesomesha watoto arobaini na watatu. Na mdomo wa Bi Mize, jamani, ulikuwa haujui kulala.

Basi ikaingia wiki ya mwisho ya Shaabani, chuo kinakaribia kufungwa kwa ajili ya mwezi wa Ramadhani. Mnawajua watoto wakishanusa kufunga chuo! Mbao za kuandikia zinageuka ngao. Huyu anaomba kwenda kunywa maji, yule anaomba kumfuata aliyekwenda kunywa maji. Mwingine kila akivuta pumzi, "Mwalimu, bado?" Bi Mize alikemea, akabembeleza, akawapa kazi ya kufagia. Wakapigana kwa mafagio.

Jumatatu Sultani akamwita barazani, mbele ya waziri, kadhi na wazee wote.

"Bi Mize, kuanzia wiki hii sitaki kusikia hata chafya kutoka kwako. Nikisikia, chuo kimekwisha, na nyumba ile nitatia farasi wangu."

Moyo ulimpasuka Bi Mize. Nyumba ile ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, na watoto wale hawakuwa na mwalimu mwingine mji mzima. Lakini mdomo ukatangulia.

"Seyidi, kwani farasi wako wananyamaza?"

"Farasi wangu hawaulizi 'bado?' kutwa kucha."

"Hawajui siku ya kufunga, Seyidi. Wajulishe, uone."

Wazee wakajifanya wanakohoa. Sultani akakunja uso.

"Usinichezee, bibi wewe! Kosa si la watoto, kosa ni la mwalimu. Hebu tazama baraza langu. Watu arobaini. Nikisema kimya, ni kimya."

"Mashallah! Na wanakaa hivyo mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Hakuna anayeomba ruhusa ya kutoka?"

"Athubutu!"

"Hata siku ya mwisho?"

"Mwenye adabu ana adabu siku zote."

"Basi mimi mwalimu mjinga sina budi nijifunze. Niruhusu Alhamisi nije nikae pale mlangoni, nitazame watu wazima wanavyotulia. Wakitulia mpaka adhana ya adhuhuri, ufunguo wa nyumba nitakukabidhi kwa mkono wangu. Wasipotulia, chuo changu usikiguse tena."

"Nimekubali! Kadhi, andika."

Kadhi akaandika, Sultani akatia muhuri, wazee wakashuhudia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Alhamisi ile ni siku gani. Ilikuwa baraza la mwisho kabla ya mfungo, siku ambayo Sultani huwaalika wazee kuvunja jungu, wale washibe kabla mwezi haujaandama. Bi Mize alikumbuka. Angesahau vipi, naye ana watoto arobaini na watatu wa kumkumbusha?

Alhamisi ikafika. Bi Mize akawanong'oneza wanafunzi wake kazi ya siku ile, akaenda zake barazani, akaketi mlangoni. Wazee wamekaa, migongo imenyooka. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Sultani akamtupia jicho: umeona mambo? Bi Mize akainamisha kichwa kwa heshima zote.

Saa nne na nusu, uani, mpishi akafunua sufuria la pilau.

Lo! Harufu ya bizari na nyama ya mbuzi ikaingia barazani bila hodi. Waziri akameza mate, mpaka Bi Mize kule mlangoni akamsikia. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Seyidi, naomba nikatawadhe."

"Saa hizi? Adhuhuri iko mbali!"

"Mimi hutawadha polepole, Seyidi."

"Na mimi naomba nimsindikize," akasema jirani yake. "Macho yake hayaoni vizuri."

"Nani kakwambia sioni?"

Huku nyuma wawili washaanza kugombania mkeka wa karibu na mlango wa uani. "Hapa pangu!" "Tangu lini?" Kadhi naye, mtu mzima na kilemba chake, akajikokota kwa makalio kuelekea huko huko, akamkalia waziri vidole. Waziri akapiga yowe.

"Kimya!" Sultani akanguruma.

Wakanyamaza, pumzi mbili tu. Mpishi akafunua sufuria la pili. Sultani akajikaza, akajikaza, wapi! Shingo ikageuka yenyewe.

"We mpishi! Bado?"

Baraza zima likalipuka, kila mtu na lake.

"Seyidi," akasema Bi Mize, "adhana sijaisikia."

Sultani akafuta jasho. "Bi Mize, na wewe uwe na imani! Hawa wametulia mwaka mzima. Leo siku ya mwisho, chakula kiko motoni. Nani atatulia?"

"Ahsante, Seyidi. Ndilo somo nililolifuata."

Wazee wakacheka. Sultani akaona haya, akatafuta pa kumshika. Akasogea, akatega sikio kwenye ukuta wa chuo asikie zile fujo za kila siku. Hakusikia kitu.

"Mbona wanao kimya? Umewafukuza?"

Bi Mize akatoka, akachungulia chuoni, akarudi.

"Wapo, Seyidi, wote arobaini na watatu, wametega masikio upande wa pili wa ukuta huo huo. Niliwaambia kila wakisikia wazee wanafanya kosa, wachore mstari ubaoni. Ila wananituma na ombi."

"Ombi gani tena?"

"Mkosee mmoja mmoja. Mkikosea wote kwa pamoja, kuhesabu kunawashinda."