Sahani ya Wazee Isiyotiwa Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo kale, ng'ambo ya bahari kubwa, kwenye kisiwa kidogo cha Karibea, waliishi watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huku kwetu Afrika. Hawakuwasahau wazee wao. Mtu akimwota marehemu, alipika, akatandika kitambaa cheupe mezani, akaweka sahani ya wazee. Chakula hicho hakitiwi hata punje ya chumvi, maana wafu hawali chumvi.

Basi palikuwa na mjane, Klotilda, na binti yake, Zabet. Siku moja Klotilda alimwota babu yake, akapika kuku, akaandaa meza. Zimwi likasikia harufu, likaingia.

Aka! Zimwi lenyewe, wajukuu zangu! Makamasi yanachuruzika mpaka kidevuni, nzi wamejaa masikioni, ulimi una vidonda vinavyotoa usaha. Likasema, "Mimi ndiye babu yenu. Nimerudi."

"Mama, ananuka," Zabet akasema.

"Nyamaza! Mzee hakataliwi."

Likabugia kuku na mifupa yake, likapenga kamasi kwenye kile kitambaa cheupe. Ptuu!

Siku ya pili likataka mbuzi.

"Mama, ananuka."

"Nyamaza! Mzee hakataliwi."

Likala mbuzi na pembe zake, likacheua mpaka ukuta ukalowa.

Siku ya tatu likasema, "Nyama nimeichoka. Sasa nataka kitukuu changu, huyu binti. Nakwenda naye kuzimu."

Zabet akamng'ang'ania mama yake kiunoni. "Mama, ananuka!"

Na mwanamke yule, hata kumtaja kichefuchefu kinanishika, akasema, "Nyamaza, mwanangu. Mzee... mzee hakataliwi." Kisha akaanza kulia.

Zimwi likamsogelea. Likatoa ule ulimi wa usaha, likamlamba machozi shavuni. "Mmh! Chumvi tamu! Hebu lia tena."

Zabet akapiga ukelele. "Mama! Mfu gani anakula chumvi?"

Klotilda akaurukia mchi wa kinu.

"Toka! Toka! Toka, nguruwe wewe!"

Akalitwanga tumbo. Likatapika kuku, likatapika mbuzi na pembe zake, likateleza kwenye matapishi yake lenyewe, likatimua mbio wala halikurudi tena.

Klotilda akakaa chini, shavu bado linanuka. "Uliniambia ananuka," akasema.

"Mara tatu, mama."

Klotilda akachukua maji, akaosha sakafu ile peke yake mpaka jua likachwa.

Tangu siku hiyo, kisiwani humo, yeyote ajiitaye mzee aliyerudi kutoka kuzimu huonjeshwa chumvi kwanza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Wazee wapewe heshima yao, sikatai, hata mimi naitaka. Lakini mtoto akikwambia mtu fulani ananuka, usimnyamazishe. Nusa.